Waini nyeupe ya asili isiyong'aa: imeharibika?

SWALI: Mhariri, nimenunua Kampala chupa ya waini nyeupe ya asili (natural wine) kutoka Ufaransa, mchanganyiko wa zabibu za Riesling, Sylvaner na Pinot Blanc. Imevurugika kama maji yaliyooshewa mchele, chini ina mashapo, tena inawasha ulimi kama soda. Muuzaji anasema ndivyo ilivyo. Je, ni nzima? – Msomaji, Entebbe

JIBU: Huenda muuzaji anasema kweli, lakini nusa kwanza ndipo umwamini. Waini hii haikuchujwa, kwa hiyo hamira imebaki ndani. Mnywaji wa tonto, ile pombe ya ndizi, hatashangaa. Simamisha chupa kwenye friji usiku kucha, kisha mimina taratibu bila kuirudisha wima, uache mashapo chini. Chembe zinazong'aa kama sukari ni chumvi ya asidi ya zabibu, hazidhuru.

Kuwasha ulimi ni gesi iliyobaki ilipochachuka. Wengi huiacha makusudi izuie hewa, maana salfaiti, kemikali ya kuhifadhi waini, wameweka kidogo au hawakuweka kabisa. Alama ya Ufaransa ya Vin Méthode Nature, iliyoanza 2020, hairuhusu zaidi ya miligramu 30 kwa lita. Sheria ya Ulaya inaruhusu hadi 200 kwa waini nyeupe ya kawaida isiyo na sukari. Imimine kwenye jagi, ikoroge, subiri dakika 15. Gesi itapungua.

Ikiwa kizibo kimesukumwa juu na povu linafurika, hapo pana kasoro: sukari ilibaki, joto likaiamsha hamira, waini ikachachuka upya chupani. Harufu kali ya siki au ya rangi ya kucha inatoka kwa bakteria waliopata hewa. Rudisha chupa.

Kasoro mbaya kuliko zote ni ladha ya panya. Puani huipati, kwa sababu asidi ya waini inaificha. Mate yakishaipunguza, inakuja sekunde kadhaa baada ya kumeza, kama harufu ya kizimba cha panya. Sugua tone moja mgongoni mwa mkono, unuse. Ikiwepo, haina dawa.

Mchanganyiko wako una faida hapa: Riesling huleta asidi, na penye asidi nyingi hata salfaiti kidogo hufanya kazi vizuri. Ila asidi haishindi rafu ya duka yenye nyuzi 28 kila alasiri. Uliza chupa ilikaa wapi. Nyumbani iweke nyuzi 12 hadi 14. Usipokuwa na mahali hapo, friji ni bora kuliko kabati. Inywe ikiwa nyuzi 10 hadi 12, na ukishaifungua imalize ndani ya siku 2 au 3.