Nguruwe alipandaje treni ya Marrakesh?

Swali lenu la wiki hii, kama mtunzi wa wimbo wa safari ni lazima awe amesafiri kweli, limenigusa pabaya. Ni lazima, na kwa mtu wa Tanga hilo si la kujadili. Ila la muhimu hamkuliuliza: alipanda daraja gani?

Chukueni "Marrakesh Express" ya kundi la Crosby, Stills & Nash, iliyotoka 1969. Graham Nash aliutoa kwenye safari yake ya Moroko ya 1966, kwa treni kutoka Casablanca kwenda kusini. Alikuwa daraja la kwanza, akachoka nalo, akainuka kwenda mabehewa ya nyuma waliko wenyeji. Huko ndiko wimbo ulikokuwa: watu wanapika, mifugo miguuni. Angebaki kwenye kiti chake, tungeimbiwa nini? Mapazia?

Wimbo unataja bata, nguruwe na kuku. Bata na kuku nakubali. Enzi treni ya abiria ikitoka Tanga mjini, wa daraja la tatu walijua kuku husafirishwaje: kwenye tenga, karibu na mlango apate upepo, si chini ya magunia ya machungwa ya Muheza. Kinachowaua ni joto, na mara nyingi mwenyewe ndiye kalifunika tenga ili mkaguzi wa tiketi asilione. Wakianza kuhema mdomo wazi, wanyunyizie maji hapo hapo, usingoje Korogwe.

Nguruwe sasa. Mabehewa ya wenyeji, Moroko, nchi ya Waislamu, nguruwe wa nani? Nash husema aliimba aliyoyaona, sitambishia sana. Huenda mdundo ulidai mnyama mwingine.

Na hapa, nikiri, ukali wangu unapungua. Kama aliyesafiri anaweza kutuletea nguruwe wa mashaka, tiketi yake inathibitisha nini? Kisichobuniwa ni mlio. Reli za zamani ni vipande vilivyoungwa kwa bamba na boliti, na kila kiungo huachiwa upenyo mdogo chuma kipate kutanuka juani, la sivyo reli inapinda. Gurudumu likivuka upenyo, linagonga. Behewa lina bogi, yaani fremu ya magurudumu, mbele na nyuma, kila moja ekseli mbili, yaani jozi mbili za magurudumu. Pale behewa moja linapoishia na jingine kuanza bogi hukaribiana, basi unasikia vishindo vinne vya haraka, kimya kidogo, vinne tena.

Lakini mlio huo mkazi wa Mombo anaupata kitandani, na asiyewahi kupanda treni ataupiga mezani kwa vidole bila kukosea.

Kwa hiyo nimejipinga: si lazima asafiri, mradi amekaa karibu na reli. Isipokuwa anatunga kuhusu SGR, reli ya kisasa ya Dar hadi Dodoma. Reli zake zimechomelewa, vishindo hivyo hakuna. Huyo akate tiketi kwanza, na akiweza, daraja la chini.