Maswali ya Wasomaji: Je, Niiruti Simu Ili Nipate Nafasi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho hapa Masasi. Simu yangu ya Android yenye hifadhi ya GB 32 imejaa, na ilikuja na programu chungu nzima ambazo sizitumii wala hazifutiki. Fundi mmoja wa stendi ameniambia kwamba akiiruti, yaani akijipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake, atazifuta zote na simu itakuwa nyepesi. Malipo ya korosho zangu huingia benki, na salio hulitazama kwa programu ya benki katika simu hiyohiyo. Je, nimkubalie?

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie, angalau si kwa simu hiyo.

Tuanze na nafasi, kwa kuwa ndiyo iliyokupeleka kwa fundi. Programu zilizokuja na simu hukaa katika sehemu ya mfumo, iliyotengwa tangu kiwandani na isiyochanganyika na sehemu unamohifadhi picha na nyaraka zako. Fundi akizifuta, pengo litabaki hukohuko kwenye mfumo, na hutapata mahali pa kuweka hata picha moja zaidi. Kinachokula nafasi yako ni masasisho ya programu hizo pamoja na data zake, na hayo huondoka bila kuruti: fungua Mipangilio, ingia Programu, chagua usiyoitaka, kisha ubonyeze Zima, simu ikiuliza kama irejeshe toleo la kiwandani, kubali. Halafu nenda WhatsApp, kwenye ukurasa wa kudhibiti hifadhi, ambako video hupangwa kuanzia kubwa kabisa. Nadhani utakuta mzigo mkubwa zaidi umetoka kwenye makundi ya harusi.

Ikiwa kitufe cha Zima hakibonyezeki, fundi anayeijua kazi yake anaweza kuiondoa programu hiyo kwa kompyuta: hugusa Nambari ya muundo mara 7, huwasha Utatuzi wa USB, kisha hutuma amri ya kuiondoa kwa mtumiaji wako tu. Mfumo haufunguliwi, na ukiirejesha simu katika hali ya kiwandani programu hiyo hurudi.

Sasa kuhusu kuruti kwenyewe. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na katika Linux yupo mtumiaji mkuu asiyezuiwa na lolote. Kuruti ni kuzipa nguvu zake programu unazoziruhusu. Ili kufika huko, kwa kawaida hufunguliwa kwanza kufuli linalolinda mfumo wakati simu inawaka, na kulifungua hufuta kila kitu kilichomo. Baada ya hapo, programu nyingi za benki huuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity kama simu ni salama, na zikijibiwa kwamba sivyo, hugoma kufunguka. Wapo wanaotumia Magisk, programu ya kuruti iliyoandikwa na John Wu, pamoja na nyongeza za kuificha hali hiyo, lakini maficho yanayofaa leo huweza kugunduliwa kesho, pengine siku ileile unayosubiri malipo ya mnada. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# itaendelea kufanya kazi, kwa kuwa hupita kwenye laini bila kuhitaji programu. Hata hivyo, programu mbovu ikipewa ruhusa ya juu mara moja tu, inaweza kusoma ujumbe wako mfupi na kuingia katika data za programu nyingine. Dirisha la kuomba ruhusa hiyo lina vitufe viwili tu, na mtoto anayecheza gemu kwenye simu yako hatalisoma onyo lake.

Masasisho ya usalama nayo mara nyingi hukataa kuingia katika simu ya namna hiyo.

SWALI: Nilinunua simu ya Samsung iliyotumika hapa Lindi mjini, na nimegundua kwamba imerutiwa. Je, inaweza kurudishwa?

JIBU: Mfumo wake unaweza kurudishwa kwa kuwekewa faili za asili za modeli hiyohiyo, na kufuli lifungwe baada ya faili hizo kuingia, si kabla, la sivyo simu inaweza kukataa kuwaka. Data zote zitafutika. Kinachobaki ni alama ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung: ikishageuka haigeuki tena, kwa hiyo Folda Salama, sehemu ya kufichia faili na programu za siri, haitafanya kazi katika simu hiyo. Dai upunguziwe bei.