Dersu Uzala haitaki shuka dogo

Ndugu yangu, umeuliza mbona vijana wa mtaani kwenu Lamu walisinzia ulipowaonyesha Dersu Uzala kwenye runinga, na ufanyeje ukiirudia uani kwa projekta. Hawana kosa. Mwongozaji Mjapani Akira Kurosawa aliipiga filamu hiyo ya 1975 kwa mkanda wa milimita 70 ili msitu wa Ussuri, mashariki ya mbali ya Urusi, ujae macho; kwenye kioo kidogo, Dersu, mwindaji wa msituni, na kapteni Mrusi anayepima ardhi huwa sisimizi.

Picha yake ni pana. Shuka la upana wa mita 2.2 litakupa kimo cha mita 1 tu, basi tafuta la mita 3. Ukingo wa chini uwe juu ya mita moja, la sivyo vichwa vya waliokaa mkekani vitafunika maandishi ya tafsiri. Kusi likivuma shuka hugeuka tanga; pitisha mti mzito kwenye upindo wa chini.

Tukio la ziwa Khanka ndilo roho yake. Upepo umefuta nyayo, jua linazama, nao wawili wanakata nyasi za kujengea kibanda mpaka kapteni anaanguka. Waambie watazame mikono: kifaa cha kupimia ardhi, chenye miguu 3, kinageuzwa nguzo za kibanda. Anayejua kuezeka makuti ataelewa upesi kuliko mhakiki. Spika ya kompyuta haitoshi hapo, maana nusu ya hofu imo kwenye upepo. Wala asiongee mtu juu ya picha, kama kwenye vibanda vya video. Wasiosoma haraka, uwasimulie hadithi kabla.

Filamu ina sehemu 2, safari ya 1902 na ya 1907. Kahawa imimine katikati yake.