Ukingo wa zege haukulindi kwenye makutano

Ukingo wa zege kando ya njia ya baiskeli siupingi. Nikitoka Changamwe kuingia mjini Mombasa, malori ya makontena yakinipita ubavuni, napenda sana kuwe na kitu kigumu kati yetu. Ila ukingo huo unazuia ajali za aina moja tu: kugongwa nyuma au ubavuni mkiwa nyote mnakwenda mbele. Kwenye makutano na milango ya yadi lazima ukatike, na hapo ndipo unapokutana na gari uso kwa uso.

Kinachonitisha zaidi ni trela inayokata kushoto. Kenya tunaendesha kushoto na dereva anakaa kulia, kwa hiyo ubavu asiouona vizuri ndio huo tulio nao sisi. Ukiwa ndani ya ukingo, foleni imesimama nawe unaipita kwa raha zako, mpaka unachomoza ghafla mdomoni mwa yadi. Dereva hakukuona tangu mwanzo, angekutarajia vipi? Na trela ina ujanja wake: kichwa huenda kulia kidogo kutafuta nafasi, ukadhani anaendelea na safari, kumbe anageuka. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele; huingia ndani zaidi na kuikata kona.

Kwa hiyo tazama tairi la mbele, usitegemee indiketa. Likianza kugeuka, simama, hata kama haki ya kupita ni yako. Usisimame sambamba na trela. Baki nyuma ya mkia wake. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo cha pembeni, basi naye hakuoni. Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, akiwa macho atapiga bodi ya lori kukuonya. Akiwa amesinzia, shauri yako.

Jambo la pili ni nafasi. Usukani wa baiskeli ya kawaida una upana wa sentimita 60 hivi, na muuza maji aliyefunga mitungi huku na huku anahitaji zaidi ya hapo. Sasa mbele yako kuna mkokoteni, na bodaboda aliyekimbia foleni anakuja kinyume. Pasipo ukingo ungeingia barabarani, ukapita, ukarudi. Ndani ya ukingo huna pa kutokea. Mimi huchungulia mbele kabla ya kuingia, na nikiuona mkokoteni nabaki barabarani na magari mpaka upenyo unaofuata. Wako watakaokupigia honi. Waache wapige.

Zege lenyewe pia lina madhara. Pedali ikiwa chini upande wa ukingo, ikalikwaruza, baiskeli inanyanyuka na kukumwaga, pengine hata upande wa magari. Acha nafasi ya mkono kati yako na ukingo, na unapopinda inua pedali ya upande huo. Usijaribu kuupanda ukingo kimshazari, kwani tairi la mbele litateleza kuufuata na usukani utakuponyoka. Funga breki, shuka, uibebe. Uholanzi, ambako watu wanaishi juu ya baiskeli, wataalamu hupendekeza kingo zilizolazwa mteremko ili tairi likigusa lipande badala ya kukuangusha. Kwetu nyingi zimesimama wima.

Vigingi vya chuma vinavyowekwa mwanzo wa njia kuzuia magari navyo viogope usiku. Gari likikigonga kimoja, kinabaki kisiki ambacho taa dogo la baiskeli halikionyeshi mpaka umeshafika.

Halafu masika, Aprili na Mei. Ukingo usio na matundu hushika maji, mchanga na vipande vya chupa, na magari hayapiti humo kuvisukuma kando. Ukiona maji yamesimama, usiingie. Huwezi kujua kama chini kuna shimo au mfuniko wa mtaro uliochukuliwa na wauza vyuma chakavu. Uamuzi ufanye ukiwa bado nje, maana ukishaingia, kurudi ni kuikokota baiskeli ukiwapa mgongo wanaokuja.

Mhandisi akija kwenye baraza kutafuta maoni ya wananchi, mwambieni autoboe ukingo maji yapite, aulaze kidogo, na ncha zake azipake rangi inayong'aa gizani.