Re: Milango ya kabati za jikoni, nyumba ya zamani Jinja

Dada, uliuliza uchague milango ya aina gani. Kwa nyumba ya zamani yenye madirisha ya mbao kama uliyoieleza, milango bapa inayong'aa itaonekana ya kuazima. Chukua ya fremu na paneli (ubao mwembamba wa katikati unaozungukwa na fremu), fremu ya mvule upana wa milimita 60 hadi 70, bila nakshi. Nakshi hushika masizi na mafuta, hasa ukipikia mkaa.

Fundi asiigandishe paneli ya mbao kwa gundi! Ikae huru ndani ya mfuo (mfereji mwembamba) wa fremu, na nafasi ya milimita 2 kila upande, maana mbao hutanuka msimu wa mvua. Ikibanwa, hufungua maungio ya fremu. Chini ya sinki usiweke MDF ya kawaida (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi), ikipata maji huvimba kuanzia ukingo wa chini. Mlango ukizidi sentimita 90 kwenda juu, bawaba 3.