Kabla ya kulaumu mvua, vuta mashine ya kufua

Rangi ya chumba cha watoto ilianza kubabuka mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipokwisha kushika Lubumbashi. Ilibabuka chini kabisa, kiganja kimoja juu ya sakafu, na pale ilipobabuka pakatoka unga mweupe kama chumvi. Nikasema ni mvua, kama kila mtu mtaani kwetu asemavyo akiona ukuta umelowa. Nikakwangua, nikapaka rangi. Kabla ya Noeli ikababuka tena. Nikakwangua tena, nikapaka tena. Nilimlipa hata kijana apande juu ya bati atafute tundu. Hakuliona, kwa sababu halikuwapo.

Nyuma ya ukuta huo ndipo tunapofulia. Mashine ya kufua ilikuwa imesimama pale miaka 6, imeegemea ukuta, na hakuna aliyewahi kuisogeza.

Usiku mmoja wa Januari maji ya bomba yalirudi baada ya siku mbili za ukavu. Maji yakikatika, wengi wetu huacha robine moja, yaani koki ya maji, wazi na beseni chini yake, ili mlio utuamshe tujaze bido, yale madumu ya maji. Hiyo ya jikoni nilikuwa nimeifunga. Ile ya nyuma ya mashine sikuwahi kuifunga tangu siku mashine ilipoletwa, wala waliokuja kuiunganisha hawakuniambia kwamba inafungwa. Presha ilirudi na hewa mbele yake, mabomba yakagonga, na mpira unaoingiza maji ukapasuka pale unapobanwa na pete ya chuma. Saa tisa usiku mdogo wangu alikuwa ananitikisa: “Yaya, lamuka! Mayi inayala mu nyumba!” Yaani amka, maji yamejaa nyumbani.

Nilitaka kukimbilia kwenye maji na matambara. Alinishika mkono, akaenda kwanza kwenye swichi kuu akakata umeme wa nyumba nzima. Namshukuru mpaka leo. Waya wa kurefusha umeme, ule wa soketi nne, ulikuwa umelala sakafuni, na maji yalikuwa yamekwisha kuufikia. Kama yakikukuta haya: umeme kwanza, maji baadaye. Na kama swichi kuu yenyewe huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, usiikaribie. Toa watoto nje, ita fundi wa umeme, vitu viache vilowe.

Baada ya umeme tukafunga robine kuu ya karibu na mita. Ilitugharimu kama dakika 10, kwa sababu ilikuwa imefukiwa na mchanga na majani ya mwembe, tukawa tunaitafuta kwa tochi ya simu. Nakuomba, kesho asubuhi nenda uifukue ya kwako, uifunge na kuifungua mara moja ili isigande, kisha umwonyeshe kila mtu wa nyumba ambaye mkono wake una nguvu ya kuizungusha.

Asubuhi fundi wa mabomba alikuja, akavuta mashine, na hapo ndipo nilipojua kwamba maji ya usiku yalikuwa sehemu ndogo tu ya hasara yangu. Kwenye kiungo cha robine na mpira kulikuwa na ukoko mweupe wa maji yaliyodondoka na kukauka, yakadondoka na kukauka, muda mrefu. Chini ya kiungo ukuta ulikuwa mweusi. Fundi aligonga plasta kwa mpini wa nyundo, ikalia kama debe tupu. Alipoibandua, kidole chake kiliingia ndani ya ukuta mpaka kifundo cha pili. Na kutoka hapo njia za mchwa, zile za udongo, zilikuwa zimepanda mpaka kwenye fremu ya mlango wa watoto. Mbao ya chini ilibaki rangi peke yake. Ndani haikuwa na kitu.

Lazima niseme nyumba zetu zimejengwaje, maana ushauri mwingi juu ya maji ya nyumbani umeandikwa na watu wa kuta za zege. Baba yangu aliijenga nyumba hii, hapa mtaani Kampemba, kwa matofali ya udongo wa kichuguu. Vichuguu vya huku kwetu ni vikubwa, kuna vinavyofika mita 8, na udongo wake ni mfinyanzi mzuri. Sehemu kubwa ya mji huu imefinyangwa kutoka humo. Tofali lililoiva sawasawa huvumilia maji. Lakini lile lililochomwa nusunusu, au lililokaushwa kwa jua tu, hurudi kuwa tope. Hata pale tofali lilipo zuri, familia nyingi ziliyaunganisha matofali kwa udongo badala ya simenti, ili simenti ibaki kwa plasta ya nje na sakafu. Plasta hiyo ya simenti ndiyo inayokudanganya. Inaonekana imara, nayo imefungia unyevu ndani usipate pa kutokea. Maji yanapanda taratibu ndani ya ukuta kama yanavyopanda kwenye kitambaa ambacho ncha yake imeingia kwenye beseni. Ule unga mweupe ni chumvi ya ndani ya tofali na simenti: maji huiyeyusha, huileta juu ya rangi, kisha yenyewe hukauka na kuiacha hapo. Nilikuwa nimeifuta mara mbili kwa kitambaa bila kujiuliza imetoka wapi.

Basi utajuaje kama ni mvua au ni chombo kinachovuja? Maji ya mvua kwa kawaida huanzia juu: alama ya kahawia kwenye dari, michirizi kutoka kwenye pembe ya bati, na huzidi siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Maji ya chombo huanzia chini, karibu na ukuta ambao upande wake wa pili kuna mashine, friji, sinki au bafu. Hayajali kama mvua imenyesha. Unyevu ukiendelea mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha kabisa, usimlaumu tena aliyekupigilia bati. Kuna nyumba ambazo maji huingia kutoka chini ya msingi, hasa penye mtaro ulioziba, nazo zinachanganya. Lakini hata huko, anza kwa kuvuta vyombo, kwa sababu hiyo haikugharimu senti.

Ukishavuta, futa viungo vyote vikauke, kisha funga kila kiungo kwa kipande cha karatasi ya chooni na uondoke kwa saa moja, robine ikiwa wazi na presha ipo. Karatasi itakuonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kama mita yako ya Regideso, shirika la maji, inafanya kazi, funga robine zote za nyumba, andika namba, usitumie maji kwa saa 2, kisha soma tena. Namba ikisogea, kuna mahali yanapotea.

Usidharau tone. Tone moja kila sekunde, ukikinga usiku na mchana, linakupa kama lita 20, yaani bido moja ya njano. Hebu fikiria mtu anayekuja kila siku na bido yake kuimwaga kwenye mguu wa ukuta wako, mwezi mzima.

Kuna jambo moja juu ya mashine ya kufua ambalo sikulijua, na naona majirani wengi hawalijui. Tunadhani mashine ikizimwa maji yamefungwa. Kinachofunga maji kiko ndani ya mashine, mwisho wa mpira. Mpira wenyewe, kutoka ukutani mpaka mgongoni mwa mashine, unabeba presha yote muda wote, hata mashine ikiwa imechomolewa, hata mkiwa mmesafiri kwenda Likasi kwenye matanga. Katika mji ambao maji yanakatika na kurudi, mpira huo unavutwa na kuachiliwa kila mara. Kwa hiyo funga robine ya ukutani kila unapomaliza kufua. Kila mara. Mpira wenyewe ubadilishe kila baada ya miaka 5 hivi, au mapema zaidi ukiuona umevimba, umepasukapasuka, au una kutu kwenye pete. Unapoufunga, hakikisha kile kipira cha duara cha ndani kimekaa sawa, kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha ongeza robo mzunguko kwa koleo. Kukaza zaidi kunakiponda kile kipira, na kesho kitavuja.

Mpira wa kutolea maji machafu nao uwe umefungwa kwa kamba, ncha yake ikiwa juu. Umeme ukikatika katikati ya kufua, mashine inabaki imejaa maji. Kama mpira huo umeanguka sakafuni, maji yote yanajitoa yenyewe, na wewe unadhani mashine imepasuka.

Friji ina tabia yake. Shangazi yangu wa Katuba alikuwa anapangusa maji mbele ya friji kila asubuhi, akawa anawaadhibu watoto kwamba wanamwaga. Maji yalikuwa yanakaa chini ya droo ya mboga. Ndani ya friji, ukutani kwa nyuma, kuna tundu dogo linalopeleka maji ya barafu iliyoyeyuka kwenye kisahani kilicho juu ya mota, yakaukie huko. Tundu likiziba kwa uchafu wa mboga, maji hurudi ndani na kutoka mlangoni. Lizibue kwa maji ya uvuguvugu na bomba la sindano lisilo na sindano. Na barafu ya frisa, tafadhali, usiichokoe kwa kisu. Chini yake kuna mirija ya gesi, na ukitoboa mmoja umepoteza frisa. Zima, weka taulo chini, ngoja.

Boila, lile pipa la kuchemshia maji ya kuoga, ni habari ya hatari, si ya uharibifu tu. Ile valvu ndogo chini yake inadondosha maji inapochemsha, na hiyo si kasoro: maji yakipata moto hutanuka, na boila ya lita 80 inaweza kusukuma nje zaidi ya lita moja kila inapochemsha kutoka baridi. Nimeona kwa macho yangu boila ambayo mtu aliziba tundu hilo kwa kizibo ili ukuta usilowe. Presha isipopata njia hiyo, inaweza kulipasua pipa lenye maji ya moto juu ya kichwa cha anayeoga. Kama matone yanakusumbua, weka mrija mwembamba uyapeleke kwenye bomba la maji machafu. Usizibe. Yakidondoka hata boila ikiwa baridi, hapo ndipo valvu imechoka au presha ya bomba ni kubwa mno, ita fundi.

Baada ya maji, kishawishi kikubwa ni kuficha. Mama alitaka tupake rangi kabla ya Pasaka, wageni wasione aibu. Nilimwambia, “Mama, tukifunika sasa tumefungia maji ndani,” naye akakubali kwa shida. Siku mbili za kwanza ndizo zinazoamua mambo mengi, kwa sababu kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48: tuliondoa zulia, tukatoa kabati la multipleksi, yaani plaiwudi, lililovimba, tukafungua madirisha yote. Plasta iliyooza tulibandua mpaka tofali, tukaacha ukuta uchi. Wakati wa masika haukukauka hata kidogo. Fundi alitoa mistari miwili ya chini ya matofali, akaweka ya kuchoma kwa simenti, lakini alifanya kipande kwa kipande, kisichozidi mita moja, akisubiri kila kipande kigande ndipo afungue kingine. Anayekuja kwako akitaka kubomoa chini ya ukuta mzima kwa siku moja, mrudishe kwao.

Mwezi wa Mei hewa ilipokauka nilianza kupima: kipande cha plastiki cha nusu mita, kimebandikwa ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, usiku na mchana mmoja. Upande unaogusa ukuta ulikuwa na matone. Juni, matone machache. Katikati ya Julai plastiki ilitoka kavu, na wiki hiyo tukapiga plasta, tukatia fremu mpya ya mlango, tukapaka rangi ya samawati ambayo watoto waliichagua wenyewe. Mashine sasa iko mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Binti yangu wa miaka 9 ndiye anayefunga robine tukimaliza kufua, kisha anapapasa kiungo kwa kidole na kunionyesha kwamba kidole ni kikavu.