Maswali na majibu: kilomita, saa na tarehe ya tiketi ya ndege

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa ndege ni kilomita ngapi? (Msomaji, Shangani)

Angani ni kama 400, na safari huchukua saa moja hivi. Basi hupita kilomita 550 na ushei, maana barabara inapinda Mingoyo, Nangurukuru na Somanga, kisha inafuata daraja la Mkapa ili kuvuka Rufiji.

Eti Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni karibu na Mtwara kuliko Dar? (Msomaji, Mikindani)

Kweli kabisa. Moroni iko kama kilomita 360 kutoka hapa, na Pemba ya Msumbiji haifiki hata 300. Lakini ukiunganisha ndege Dar, unapanda kaskazini kilomita 400 halafu unarudi kusini karibu 680. Safari imeshakuwa mara tatu, bado hujahesabu saa za kusubiri. Inaniuma, kwa sababu watu wa pwani hii wana ndugu pande zote mbili.

Tiketi ya mama kutoka Dar imeandikwa 00:40, tarehe 15. Tumfikishe uwanjani tarehe 15 usiku? (Msomaji, Lindi mjini)

Hapana, tafadhali! Mkifanya hivyo mtakuta ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia. 00:40 ni saa 6 na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 15. Mama awe uwanjani tarehe 14, saa 3 na nusu usiku. Na kama anatoka kusini kwa ndege, achukue ya asubuhi ya tarehe 14, au bora zaidi ya tarehe 13. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa ya pili haimngojei, na nauli inaweza kupotea yote. Mwandikieni kwenye karatasi, kwa saa zetu, siku ya kutoka nyumbani.

Nafuatilia biashara ya korosho. Tiketi ya Dar hadi Mumbai inasema kuondoka 16:00, kufika 00:30. Ni saa nane na nusu hewani? (Msomaji, Masasi)

Ni saa 6. Kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika, na India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ikigonga 00:30 kule, huku ni saa 4 usiku. Wakati wa kurudi utaona safari fupi ajabu: kuondoka 08:00, kufika 11:30. Ongeza zile mbili na nusu, unapata saa 6 zilezile. Umbali ni kama kilomita 4,700.

Kwa nini kwenda na kurudi wakati mwingine muda hautoshani hata ukisawazisha saa? (Msomaji, Newala)

Upepo. Juu sana, kwenye kilomita kama 10, kuna mikondo yenye nguvu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya New York kwenda London inasukumwa, ya kurudi inapambana nayo, na tofauti hufika saa nzima. Mtwara na Dar ni safari fupi ya kusini na kaskazini, mbali na mikondo hiyo, kwa hiyo hutaona tofauti kubwa.